USHONAJI NYUMBANI: Gauni Linalokua Pamoja na Mama

Mwezi wa Julai, ukungu unapotanda juu ya Uthiru na watu kushinda ndani ya sweta tangu alfajiri hata magharibi, si rahisi kumtambua mwanamke ambaye sketi yake imekataa kufungika. Zipu huachwa wazi, pini hushikilia kiuno, na sweta hufunika yote mawili. Mwenyewe tu ndiye ajuaye, hasa anapoketi katika matatu iliyojaa kuelekea mjini na pini ile ikaanza kumchoma.

Jambo hili huhesabiwa kuwa dogo. Husemwa kwamba ni la miezi michache, tena lina mwisho unaojulikana. Kwa nini basi kutupa fedha katika nguo ya muda? Lakini miezi hiyo ikihesabiwa vizuri si michache. Tumbo la mimba ya kwanza aghalabu huanza kuonekana kati ya mwezi wa nne na wa tano, na la mimba zinazofuata huonekana mapema zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi wa kike wa Kenya likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na wengi hupenda kuiweka likizo hiyo kwa ajili ya mtoto kuliko kuitumia kabla hajazaliwa. Kwa hiyo karani, mwalimu, muuguzi au askari wa lango huenda kazini kwa miezi minne au mitano akiwa na mwili unaobadilika kila juma, huku akitazamiwa kuwa nadhifu kama wenzake. Wala mama wa shamba hakusalimika. Yule anayekata majani ya ng'ombe katika viwanja vilivyobaki kati ya nyumba za ghorofa za Uthiru huinama mara mia kwa siku, na kiuno kinachobana humtesa kuliko aketiye ofisini.

Dawa inayokimbiliwa ni nguo kubwa. Mama huenda Kangemi au Gikomba, akachagua katika mitumba gauni linalozidi kipimo chake mara mbili au tatu, akalivaa akaona tumbo limepata nafasi. Ni kweli limepata. Lakini mabega ya gauni yameshuka hadi nusu ya mkono, shingo imeachama, makwapa yananing'inia, na mgongo umekuwa kama gunia lisilojazwa. Isitoshe, pamoja na upana wote huo, pindo la mbele limepanda juu ya magoti na lile la nyuma limelala chini. Mama hulivuta mbele kila anaposimama, nalo hurudi juu kila anapopiga hatua.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza, ingawa hata mafundi wazuri huisahau. Mimba haimnenepeshi mwanamke pande zote sawasawa. Mabega hubaki yalivyokuwa, na mgongo karibu vile vile. Kifua huongezeka, na mbavu za chini hutanuka kidogo ili kupisha kinachokua ndani. Lakini badiliko kubwa liko mbele, nalo ni la namna mbili: upana na urefu. Upana kila mtu huuona. Urefu ndio unaosahauliwa. Mtu wa Kabete, aliyezoea kupanda na kushuka miinuko, hahitaji kufundishwa kwamba njia ipitayo juu ya kilima ni ndefu kuliko ile izungukayo ubavuni. Kitambaa nacho husafiri vivyo hivyo. Kikitoka begani, kikapanda juu ya tumbo na kushuka tena, kinamaliza urefu wake kabla ya kufika magotini. Fundi akiongeza upana mtupu, atakuwa ametibu nusu ya ugonjwa.

Katika kliniki ya waja wazito, mkunga naye hutumia futikamba. Hupima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha nyumba ya uzazi, na tangu yapata juma la 20 hesabu ya sentimita hukaribiana na hesabu ya majuma ya mimba. Katika juma la 20 kilele hicho huwa karibu na kitovu. Kufika juma la 36 kimekaribia mfupa wa kidari. Baadaye, hasa kwa mwenye mimba ya kwanza, mtoto hushuka na tumbo hushuka pamoja naye. Kipimo cha mkunga ni cha kazi yake, wala fundi hana ruhusa ya kukifasiri. Hata hivyo kinamfunza mshonaji jambo moja lenye manufaa: tumbo halikui kwa kuruka, bali karibu sentimita 1 kwa juma, kwa mwendo usiokatika. Gauni linalomkaa mama barabara mwezi wa tano litakuwa limembana mwezi wa saba. Basi afadhali kukata nguo moja ya kufika mwisho, kisha kuipunguza kwa mishono inayofunguka, kuliko kukata tatu zinazofuatana.

Je, fundi atapimaje tumbo ambalo halijafika? Washonaji wenye busara hutumia mto mdogo, au khanga mbili zilizokunjwa, zikafungwa tumboni kwa kitambaa laini na kuvishwa fulana juu yake. Mama husimama wima, asivute pumzi wala asijinyoshe kama anayepigwa picha. Kinachopimwa kwanza ni kifua, kisha chini ya matiti, kisha tumbo mahali palipo panapana, kisha nyonga. Baada ya hapo futikamba huwekwa juu ya bega karibu na shingo, ikapitishwa juu ya titi na juu ya tumbo hadi gotini. Kipimo hicho hupimwa mara mbili, kwanza bila mto, halafu pamoja na mto, na tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo siri ya kazi yote.

Uchukuliwe mfano. Mama ambaye mbele yake ilikuwa sentimita 106 bila mto ameonekana kuwa na 113 akiwa na mto. Tofauti ni 7. Mzunguko wa tumbo ulikuwa 84, sasa ni 104. Tofauti ni 20. Hesabu hizi zitatosha kuonyesha kazi inavyokwenda, ingawa kila mama ana zake, na mwenye mimba ya pacha ana zake peke yake.

Kiolezo cha karatasi kinachofaa ni kile cha gauni ambalo mama alilivaa vizuri kabla ya mimba. Hapa watu wengi hukosea, wakachukua kiolezo cha kipimo kikubwa kwa hofu. Mabega na shingo ndivyo vigumu kurekebisha, navyo havijabadilika. Kwa hiyo vihifadhiwe kama vilivyo. Kiolezo chenyewe kisikatwe, kwa maana kitahitajika tena. Kinakiliwe juu ya karatasi ya kaki au juu ya gazeti lililokwisha kusomwa, ambalo ni rahisi zaidi na huonyesha mistari iliyonyooka bila rula.

Kipande cha mbele hupigwa mstari chini kidogo ya matiti, na hapo ndipo mshono wa kiuno utakapokuwa, wala si kiunoni penyewe. Kikatwe juu ya mstari huo, kiwe vipande viwili. Cha juu kitabaki karibu kama kilivyokuwa. Cha chini ndicho kitakachopokea mabadiliko yote. Ule upana wa sentimita 20 wote ni wa mbele, na kwa kuwa kiolezo ni nusu ya mbele, nusu hiyo inadaiwa sentimita 10. Hakuna haja ya kuchora lolote kwa ajili yake: kitambaa hukunjwa, na kiolezo huwekwa sentimita 10 mbali na mkunjo badala ya kuugusa. Kitambaa kikikunjuliwa, nafasi ya 20 itakuwa imo. Mwenye kupenda nguo pana aongeze sentimita 2 au 3 ili kitambaa kipumue.

Urefu huongezwa juu, katika ukingo utakaoshonwa chini ya matiti. Katikati ya mbele ukingo huo hupandishwa sentimita 7, kisha huteremshwa kwa mstari wa mviringo mpaka ufike mshono wa ubavuni bila nyongeza yoyote. Ubavu wa mbele lazima ulingane na ubavu wa nyuma, la sivyo gauni litapotoka. Umbo litakalopatikana linafanana na ungo uliokatwa nusu, na anayelitazama mara ya kwanza hudhani limeharibika. Ukingo huo hupitishiwa nyuzi mbili za mishono mirefu, zikavutwa mpaka kitambaa kikusanyike katika marinda madogo madogo na kutosha kipande cha juu. Marinda yawe mengi katikati na yapungue kuelekea ubavuni, maana tumbo liko katikati. Fundi mwenye haraka huyatawanya sawasawa, na nguo yake hujulikana kwa mbali.

Gauni lisilo na mshono wa kiuno lina njia nyingine. Kiolezo hupigwa mstari wa kulala mkabala wa kitovu, kikakatwa kutoka katikati mpaka karibu na ubavu, huku karatasi kidogo ikiachwa bila kukatwa iwe kama bawaba. Kisha sehemu ya chini hufunguliwa kwa kadiri ya urefu unaotakiwa, na karatasi nyingine hugundishwa kuziba pengo. Mstari wa katikati utakuwa umevunjika. Hunyooshwa upya, na kwa kuunyoosha pindo hupata upana mwingi wenyewe. Njia hii ni ya vitambaa vyepesi. Katika kitenge kizito hufanya nguo iwe kama kengele.

Kitenge, aghalabu, ndicho kinachotumika. Kipande cha yadi 6 humtosha mama wa kimo cha wastani gauni moja la magotini kwa nusu yake. Lakini kitambaa cha pamba kioshwe na kuanikwa kabla ya kukatwa, kwa sababu kikirudi baada ya kushonwa, zile sentimita 7 zilizotafutwa kwa taabu zitakuwa zimeliwa na maji.

Sasa lipo swali la miezi iliyo kabla ya mwisho. Gauni hili limekatwa kwa tumbo la mwezi wa tisa, na mama yuko mwezi wa tano. Akilivaa hivyo, mbele litaburura. Kwa hiyo pindo la mbele hukunjwa kwa kina katikati, likipungua kuelekea ubavuni, na hushonwa kwa mkono kwa mishono mirefu ya bandi, si kwa cherehani. Kila baada ya majuma manne au matano mama hukata uzi na kuliteremsha sentimita 2 hivi. Kazi hiyo ni ya nusu saa na haihitaji fundi. Kipande cha juu nacho hukatwa na nafasi ya mshono ya sentimita 4 ubavuni. Kwa kuwa kingo ni nne, mbele na nyuma kulia na kushoto, zikifunguliwa sentimita 2 na nusu kila moja, kifua hupata nyongeza ya sentimita 10. Kamba mbili zilizoshonwa ubavuni na kufungwa mgongoni hukamata kilichozidi mpaka siku kitakapohitajika.

Ushonaji wa namna hii una historia yake Kabete. Mwaka 1925 ilifunguliwa hapo shule ya Jeanes, ambako walimu wa vijijini waliokuja kufundishwa walifuatana na wake zao, na wake hao wakafunzwa malezi, usafi wa nyumba na kushona. Tangu mwaka 1952 vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilieneza sindano na uzi katika vijiji vingi. Mahali ilipokuwa shule ile leo pana chuo cha watumishi wa serikali, na huenda wengi wanaopita langoni hawajui kwamba palikuwa na darasa la cherehani.

Mbali na hapa, katika jiji la New York, mwaka 1904, mshonaji mmoja mzaliwa wa Lithuania, Lena Bryant, aliombwa na mteja mja mzito nguo ambayo angeweza kutoka nayo nje bila aibu. Zama hizo mwanamke wa heshima alitazamiwa kujifungia nyumbani tumbo likionekana. Bryant aliunganisha blauzi na sketi ya marinda kwa lastiki, na biashara yake ikakua kutokana na hilo. Ajabu ni kwamba magazeti ya huko yalisita kutangaza nguo hizo mpaka mwaka 1911, kana kwamba watoto wa New York walikuwa wakiokotwa barabarani.

Mwaka 1938, katika mji wa Dallas, Elsie Frankfurt alimwona dada yake mja mzito katika nguo isiyomkaa, akakata dirisha katika sehemu ya mbele ya sketi, hapo penye tumbo, akatia kamba za kufungia na kulifunika dirisha kwa blauzi pana. Wakati huo vitambaa vinavyovutika havikuwa vya kawaida. Hila ile ndiyo inayomfaa leo mwanamke mwenye sare, ambaye hawezi kuvaa kitenge kazini. Sketi yake hukatwa mbele umbo la bakuli, kutoka ubavu hadi ubavu, na mahali pa kipande kilichotoka hushonwa kitambaa cha fulana cha mikunjo miwili, kilicho kipana kidogo kupita nafasi yenyewe na chenye kuvutika kwa upana, si kwa urefu. Fulana nzuri ya mitumba hutosha. Kipande kilichokatwa kiwekwe na kuandikwa, ili sketi irudishiwe umbo lake baadaye. Mwenye sare ya kazini aombe ruhusa kabla ya mkasi kupita, kwa maana sare nyingi ni mali ya mwajiri.

Wanawake wa pwani, ni haki kusema, waliepukana na mengi ya haya zamani. Dera halina kiuno, na khanga hufungwa upya kila asubuhi kwa kadiri ya mwili wa asubuhi hiyo. Lakini dera halikuandaliwa kwa baridi ya mahali palipo juu ya bahari zaidi ya mita 1,800, wala kwa kupanda matatu kwa haraka.

Limebaki jambo ambalo si la mkasi. Wanawake wengi hawapendi kuitangaza mimba changa, nao wana sababu zao za heshima. Basi mama hufika kwa fundi katika mwezi wa nne, akaagiza gauni, asiseme kitu. Fundi hukata kwa kipimo alichokiona. Na baada ya majuma sita nguo haivaliki, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Fundi mwenye adabu hauliza mbele ya wateja wengine. Humvuta mama kando wakati wa kupima, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nikuachie nafasi?" Mama hujibu, "Niachie," na yamekwisha. Hakuna siri iliyotoka nje, na kitambaa kimeokoka.

Na kwa kuwa futikamba hupita juu ya mwili huo mara kwa mara, fundi au mama mwenyewe huweza kuona kitu kingine. Tumbo kukua ni jambo la kutarajiwa. Miguu kuvimba kidogo jioni ni jambo la wengi. Lakini mikono ya gauni ikibana ghafla katika siku chache, pete ikakataa kutoka, uso ukavimba, na pamoja na hayo kichwa kikauma bila kutulia au macho yakaona ukungu, hilo halitibiwi kwa kufungua mshono. Hizo ni dalili za hatari ambazo huweza kutangulia kifafa cha mimba, na mama apelekwe hospitali siku iyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki. Gauni lingoje.

Mtoto akizaliwa, tumbo halirudi kwa siku moja, na gauni lile lile hutumika kwa majuma mengi zaidi, mradi fundi alikumbuka kutia vifungo kutoka shingoni hadi mshono wa chini ya matiti ili mama aweze kunyonyesha. Vifungo hivyo vitiwe siku ya kwanza, kwa kuwa kukipasua kifua cha nguo iliyokwisha kushonwa ni kazi mbaya. Baadaye mshono wa marinda hufumuliwa, ukingo ukanyooshwa, kile kilichozidi katikati kikakatwa, na kipande cha chini kikashonwa tena katika kiuno cha kawaida. Nusu ya kitenge iliyobaki, zile yadi 3, mama huipasua vipande viwili: kimoja cha kumbebea mtoto mgongoni na kingine cha kumfunika, maana Uthiru baridi haiondoki mpaka Septemba.